Injini Mizanini: Funzo kutoka Mississauga

Msikilizaji, kwa muda wa miaka 20 mwenye gari kuukuu katika mji wa Mississauga, nchini Kanada, alilazimika kila baada ya miaka miwili kuipeleka injini ya gari lake ikatoe ushahidi. Gari lilipandishwa juu ya mapipa ya chuma yaliyofukiwa sakafuni, likafungwa mikanda lisichomoke, kisha fundi akakanyaga mafuta hadi mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Magurudumu yalizunguka, injini ilinguruma, lakini gari halikusogea hata hatua moja. Mapipa yale yaliyakaza magurudumu kana kwamba gari linapanda mlima, na huku nyuma mrija mwembamba ulivuta moshi kutoka kwenye ekzosi na kuupeleka kwenye mashine ya kuuchambua.

Mwenye gari alisimama upande wa pili wa kioo akisubiri karatasi moja. Kama karatasi ilisema amefaulu, alilipa dola 35 na kwenda kuhuisha usajili wa gari lake. Kama ilisema ameshindwa, ilimbidi alitengeneze gari na kulipa tena nusu ya ada ili lipimwe upya. Sheria ilimhurumia kwa kiasi fulani: aliyekwisha kutumia dola 450 katika matengenezo, na gari lake bado likashindwa, aliweza kupewa kibali cha masharti. Hata hivyo, kwa dereva wa teksi au mfanyakazi wa zamu ya usiku ghalani, dola 450 si fedha za kuokota njiani.

Mpango huo wa serikali ya jimbo la Ontario uliitwa Drive Clean. Ulianza mwaka 1999 katika maeneo ya Toronto na Hamilton, na ukakomeshwa kwa magari madogo mwezi Aprili mwaka 2019. Miaka hiyo 20 inafaa kutazamwa na kila mtu anayenunua, anayeuza au anayeendesha gari, awe Mississauga, Mombasa au Mbeya. Ndani yake limo swali ambalo wahandisi wamehangaika nalo kwa zaidi ya karne mbili: injini hupimwaje, na kipimo chake kiaminiwe kwa kiasi gani?

Mississauga ni mji wenye wakazi zaidi ya 700,000, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021. Uko magharibi ya Toronto, kando ya Ziwa Ontario, na ndani ya mipaka yake umo uwanja wa ndege wa Pearson, ulio mkubwa kuliko vyote nchini humo. Ni mji wa maghala, malori na barabara kuu. Miongoni mwa wakazi wa eneo hilo zima la Toronto wamo watu wenye asili ya Afrika Mashariki, wakiwamo Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 pamoja na watoto na wajukuu wao.

Kupima injini si jambo geni katika mji huo. Katika kitongoji cha Malton, ambacho leo ni sehemu ya Mississauga, kampuni ya Orenda ilitengeneza injini za ndege katika miaka ya 1950. Moja kati ya hizo ni Iroquois, injini ya jeti iliyokusudiwa kuiendesha ndege ya kivita ya Arrow. Injini ya jeti haizungushi magurudumu wala panga, kwa hiyo hupimwa kwa nguvu ya msukumo wake ikiwa imefungwa kwenye jukwaa. Lakini wahandisi wa Orenda hawakuridhika na kipimo cha jukwaani peke yake. Waliazima ndege ya Marekani ya aina ya B-47, wakaifunga Iroquois ubavuni mwake karibu na mkia, wakairusha ili waone injini inavyofanya kazi huko juu ambako hewa ni baridi na nyepesi. Tarehe 20 Februari mwaka 1959 serikali ya Kanada iliufuta mradi mzima, na Iroquois haikupata kamwe kuirusha Arrow. Lakini uangalifu ule una maana hadi leo: kipimo cha injini iliyosimama mahali pamoja hakitoshi kueleza kazi yake yote.

Turudi sasa kwenye injini ya kawaida, ile ya mwako wa ndani yenye silinda na pistoni. Mafuta na hewa huwaka ndani ya silinda, gesi hupanuka, pistoni husukumwa, na msukumo huo hugeuzwa kuwa mzunguko. Ni kitu gani hasa kinachopimwa hapo?

Jibu la kwanza lilitolewa kabla hata injini hiyo haijabuniwa. James Watt, aliyekuwa akiuza injini za mvuke nchini Uingereza katika karne ya 18, alihitaji kuwaeleza wateja wake mashine moja ingechukua nafasi ya farasi wangapi. Alikadiria kazi ya farasi na kuifanya kuwa kizio. Kwa hesabu za leo, nguvu farasi moja ni sawa na kunyanyua kilo 76 kwa kimo cha mita moja katika kila sekunde, yaani takriban wati 746. Inafaa kukumbuka, msikilizaji, kwamba kizio hicho kilizaliwa sokoni, kinywani mwa muuzaji.

Jibu la pili ni la Mfaransa Gaspard de Prony. Mwaka 1821 alibuni breki ya kupimia: vipande vya mbao vilivyobana mhimili unaozunguka, vikiwa vimeungwa na mkono mrefu wenye mzigo mwishoni. Mhimili ulipotaka kuuzungusha ule mkono, mzigo uliuzuia. Kwa kujua uzito wa mzigo, urefu wa mkono na idadi ya mizunguko, nguvu ya injini ilijulikana. Tatizo lilikuwa moto, kwa sababu nguvu yote ya injini iliishia katika msuguano na mbao zikaungua. Mwaka 1877 Mwingereza William Froude alitumia maji mahali pa mbao, na breki za maji za aina yake zinaendelea kutumika viwandani mpaka sasa.

Chombo cha namna hii huitwa dainamomita. Hakipimi nguvu farasi moja kwa moja, bali hupima mambo mawili: nguvu ya kuzungusha, ambayo kizio chake ni nyutoni-mita, na kasi ya mzunguko. Nguvu ya injini hupatikana kwa hesabu. Zidisha nyutoni-mita kwa mizunguko ya dakika moja, kisha gawanya kwa 9,549, nawe utapata kilowati. Injini inayotoa nyutoni-mita 150 kwa mizunguko 4,000 ina takriban kilowati 63, sawa na nguvu farasi 84.

Kutoka hesabu hiyo twaelewa kwa nini lori la dizeli lenye nguvu farasi zinazolingana na za gari dogo la fahari huweza kuvuta tani nyingi. Lori hutoa nguvu zake kwa mizunguko michache na msokoto mkubwa, ilhali gari lile dogo hutoa zake kwa mizunguko mingi na msokoto mdogo. Anayetaja nguvu farasi pekee, bila kutaja mizunguko iliyozitoa, amesema nusu ya habari.

Kisha kuna suala la mahali pa kupimia. Injini ikitolewa garini na kufungwa kwenye benchi, kipimo huchukuliwa kwenye mhimili wake wenyewe. Gari zima likiwekwa juu ya mapipa, kama ilivyokuwa Mississauga, nguvu inayofika pale imekwisha kutozwa ushuru njiani na giaboksi, difu, beringi na matairi. Si ajabu injini iliyoandikiwa nguvu farasi 100 kitabuni ikaonyesha 85 magurudumuni, na bado haina ugonjwa wowote.

Ushuru mwingine hutozwa na viungo vya injini yenyewe. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 watengenezaji wa magari nchini Marekani walizoea kutangaza nguvu ya injini iliyovuliwa feni, jenereta, kisafisha hewa na ekzosi ya kawaida. Ilikuwa sawa na kumpima mwanariadha uzito akiwa hana hata viatu. Kuanzia magari ya mwaka 1972 wakageukia kutangaza nguvu halisi ya injini iliyovikwa vyote inavyokuwa navyo barabarani. Tarakimu zikaporomoka ghafla, na hata pale ambapo injini ilikuwa ile ile, karatasi yake ilisema jingine.

Hata vizio vyenyewe hutofautiana. Magari mengi yanayoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa hutoka Japani, na vitabu vyake vya zamani hutaja nguvu farasi za kimetriki, ambazo ni ndogo kidogo kuliko zile za Waingereza. Nguvu farasi 100 za kimetriki ni sawa na takriban 98.6 za Watt. Tofauti ni ndogo, lakini anayelinganisha magari mawili kwa karatasi mbili sharti aijue.

Msikilizaji, jambo linalosahauliwa zaidi ni hewa. Injini haili mafuta matupu. Kwa kila kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa. Penye hewa nzito nguvu huongezeka, na penye hewa nyepesi hupungua. Kwa hiyo wahandisi wamekubaliana juu ya hewa ya mfano. Katika kanuni ya chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, hewa hiyo ina joto la nyuzi 25 za Selsiasi na shinikizo la kilopaskali 99 baada ya kuondolewa unyevu. Kipimo kilichochukuliwa katika hewa tofauti hurekebishwa kwa hesabu ili kilingane na cha hewa hiyo.

Uwanja wa Pearson uko mita 173 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya Mississauga haiko mbali na ile ya mfano wakati wa kiangazi. Majira ya baridi kali hali hubadilika. Hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri ni nzito kuliko ya nyuzi 25 kwa takriban asilimia 15, na injini iliyokwisha kupata moto huifaidi. Lakini kabla ya kupata moto, oili ni nzito, vyuma ni baridi na mafuta hayageuki mvuke vizuri. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba katika safari za mjini, gari la petroli hupata hasara ya takriban asilimia 15 ya mwendo kwa kila lita, joto linaposhuka kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 7 chini ya sifuri. Ndiyo maana Kanada, kuanzia magari ya mwaka 2015, iliongeza jaribio la baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri katika vipimo vya ulaji wa mafuta vinavyobandikwa kwenye gari jipya. Likaongezwa pia jaribio la mwendo wa kasi na jaribio la gari lenye kiyoyozi kilichowashwa. Kabla ya hapo, majaribio mawili tu ya utulivu yalimwahidi mnunuzi mwendo ambao wengi hawakuuona barabarani.

Afrika Mashariki haina theluji ya barabarani, bali ina milima. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa huko ni takriban asilimia 83 ya lile la Mombasa. Injini isiyo na turbo inayotoa nguvu farasi 100 Mombasa hufika Nairobi ikiwa na kama 83, na ikifika Timboroa, juu zaidi ya mita 2,700, hubakiwa na kama 72. Dereva husema gari limechoka, na fundi asiyejua huanza kufungua kilicho kizima. Injini yenye turbo husindika hewa kabla ya kuila, kwa hiyo hasara yake ni ndogo zaidi. Hii ndiyo sababu mojawapo ya malori ya masafa marefu kuwa na turbo.

Mbali na nguvu, kuna kipimo kingine ambacho mwenye mali anapaswa kukijali kuliko vyote: je, injini hufanya nini na mafuta inayopewa? Wahandisi huuliza ni gramu ngapi za mafuta zinazotumika kutoa kilowati moja kwa muda wa saa moja. Injini nzuri ya dizeli inaweza kutumia gramu 200. Kwa kuwa kilo ya dizeli ina nishati ya takriban megajuli 43, gramu hizo 200 zina megajuli 8.6, na kazi iliyopatikana ni megajuli 3.6. Hiyo ni asilimia 42. Zilizosalia zimekwenda na moshi, zimekwenda na maji ya rejeta, zimepotea katika msuguano. Injini za petroli za kawaida hupoteza zaidi ya hapo. Na mafuta yasiyoungua vizuri hayapotei tu, bali hutoka kama sumu. Hapo ndipo kipimo cha moshi kinapokutana na kipimo cha nguvu, kwani moshi ni hesabu za matumizi ya injini zilizoandikwa hewani.

Mapipa ya Mississauga yalipima gesi tatu: mabaki ya mafuta yasiyoungua, kaboni monoksaidi na oksidi za naitrojeni. Fundi mwenye ujuzi aliweza kuzisoma kama tabibu asomavyo ulimi wa mgonjwa. Kaboni monoksaidi ikizidi, mafuta ni mengi kuliko hewa. Mafuta mabichi yakizidi, huenda kuna plagi isiyochoma au vali inayovuja. Oksidi za naitrojeni zikizidi, silinda ina joto kupita kiasi au chombo cha kusafisha moshi kimekufa.

Mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam, wa Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi na wa soko la Kisekka mjini Kampala hawana mapipa hayo, lakini hawakosi njia za kukadiria. Huchomoa plagi na kutazama rangi yake. Huweka geji penye tundu la plagi, wakapiga stata na kusoma kompresheni ya kila silinda. Tarakimu moja pekee haisemi mengi, kwa sababu geji hutofautiana na betri hutofautiana. Kinachosema ni ulinganifu: silinda tatu zikikaribiana na ya nne ikawa chini mno, ugonjwa umejulikana ulipo. Matone machache ya oili yakitiwa ndani na kompresheni ikapanda, ringi zimelika. Isipopanda, huelekea kuwa ni vali au gasketi. Hayo ni makadirio, lakini ni makadirio ya mtu anayeigusa injini yenyewe kwa mkono wake.

Tarehe mosi Januari mwaka 2013 jimbo la Ontario lilibadili utaratibu wake. Magari yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 1998 hayakupandishwa tena juu ya mapipa. Badala yake fundi alichomeka waya kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi na kuiuliza kompyuta ya gari: je, u mzima? Kompyuta hiyo huangalia vihisi vyake saa zote gari linapotembea. Hujua hewa iliyoingia, mafuta yaliyotiwa, na oksijeni iliyosalia katika moshi. Kutokana na hayo hukadiria iwapo mwako ni mzuri na iwapo kisafisha moshi kinafanya kazi, na ikiona kasoro huwasha taa ya injini.

Njia hiyo ilikuwa ya haraka, na ina sifa moja ambayo mapipa hayakuwa nayo: kompyuta huitazama injini kwa siku nyingi, si kwa dakika chache. Lakini ilileta matatizo yake. Gari lililobadilishwa betri usiku wa kuamkia kipimo lilikuwa limepoteza kumbukumbu, na lilirudishwa nyumbani likatembezwe kwanza hadi kompyuta imalize kujikagua. Kubwa zaidi ni mabadiliko ya maana yenyewe ya kipimo. Zamani moshi ulipimwa. Sasa gari liliulizwa habari zake lenyewe, na jibu lake likaandikwa.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwezi Septemba mwaka 2015 ulimwengu uliona maana ya methali hiyo. Mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kuwa kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilikuwa imetia katika kompyuta za magari yake ya dizeli programu ya kutambua kama gari liko kwenye mapipa ya kupimia. Gari likikimbia huku usukani umetulia, kwa mwendo na muda unaofanana na wa jaribio, programu iliwasha usafishaji kamili wa moshi. Likitoka barabarani, usafishaji ulipunguzwa, na oksidi za naitrojeni zikafikia hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa nchini Marekani. Magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika.

Hila hiyo haikugunduliwa na mapipa wala na soketi ya dashibodi. Ilianza kufichuka pale watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walipofunga mitambo ya kupimia nyuma ya magari na kuyaendesha katika barabara za kawaida, moja likitoka Los Angeles hadi Seattle. Walifanya kwa gari walichofanya wahandisi wa Malton kwa Iroquois: waliitoa injini jukwaani na kuipima ikiwa kazini. Mwezi Januari mwaka 2020 mahakama mjini Toronto iliitoza Volkswagen faini ya dola milioni 196.5 za Kanada, baada ya kampuni hiyo kukiri makosa 60. Nako Ulaya, tangu mwaka 2017, magari ya aina mpya hupimwa pia barabarani kabla ya kuruhusiwa kuuzwa.

Je, basi, miaka 20 ya Drive Clean ilikuwa ya bure? Ripoti ya mwaka 2012 ya Mkaguzi Mkuu wa Ontario ilieleza kuwa uchafu utokao kwenye magari ulikuwa umepungua sana, lakini sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokana na mambo mengine: viwango vikali zaidi vya utengenezaji, mafuta yaliyo safi zaidi, na kuondoka barabarani kwa magari makuukuu. Ada ya kipimo ilifutwa mwezi Aprili mwaka 2017, na miaka miwili baadaye mpango wenyewe ukafungwa kwa magari madogo. Malori hayakusamehewa. Tangu mwaka 2022 ukaguzi wa moshi wa magari mazito umeunganishwa na ule wa usalama katika mpango uitwao DriveON.

Kwa hiyo haifai kusema kipimo hakina faida, wala kwamba kipimo ndicho dawa. Kipimo kilifanya kazi kwa muda fulani, kwa magari ya aina fulani, kisha magari yakabadilika na kipimo kikapitwa na wakati. Serikali iliyolipisha watu dola 35 ilipaswa kujiuliza swali hilo kila mwaka, kama inavyopaswa serikali nyingine yoyote itakayofuata njia hiyo.

Na zipo zinazoifuata. Mwezi Januari mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, hatua iliyosafisha moshi bila kumsumbua dereva hata mmoja kwenye foleni. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka 8, na Tanzania huyatoza magari makuukuu ushuru zaidi. Rwanda ilianza mwaka 2025 kupima moshi wa magari kwa lazima. Umri nao ni kipimo, tena kipimo rahisi kuliko vyote, kwani husomwa kwenye karatasi. Lakini ni makadirio tu. Gari la miaka 12 lililobadilishiwa oili kwa wakati wake linaweza kuwa na injini safi kuliko la miaka 6 lililoteswa. Anayepima umri amepima kalenda, hajapima silinda.

Mnunuzi anayesimama bandarini akiwa na akiba ya miaka mingi mkononi hana mapipa ya chuma wala maabara. Ana maswali tu, nayo yana thamani. Nguvu hizi zilizoandikwa zilipimwa kwenye injini tupu au magurudumuni? Katika hewa ya pwani au ya milimani? Anayenipa tarakimu hii anafaidika na nini nikiiamini? Taa ya injini ikiwa haiwaki, ni kwa sababu injini ni nzima, au kuna aliyeitoa betri jana jioni? Na zaidi ya yote, je, gari hili limejaribiwa likipanda mlima na mzigo, au limengurumishwa tu likiwa limesimama?

Tarakimu ya injini, msikilizaji, ni ushahidi, na ushahidi hupimwa pamoja na shahidi wake. Mwenye gari wa Mississauga aliyesimama nyuma ya kioo akisubiri karatasi alikuwa na haki ya kudai kwamba dola zake 35 zinunue ukweli. Haki hiyo anayo pia abiria wa daladala anayevuta moshi wa lori lililo mbele yake, ingawa yeye hapewi karatasi yoyote.

Hadi hapo ndipo yanapokomea mazungumzo haya kuhusu upimaji wa injini.